Nanyuki, Mji wa Ndege na Askari

Watu wengi wa Nairobi wamesikia jina la Nanyuki, na baadhi yao wamepita pale kwa gari wakienda Meru au Isiolo, lakini ni wachache waliosimama wakauliza mji ule ulitokana na nini. Kericho imekua kwa chai, Thika kwa viwanda, na Magadi kwa magadi yake. Nanyuki ni mji wa namna nyingine. Tangu mwanzo wake umeishi karibu na askari, na kwa muda wa miaka 80 na zaidi umeishi karibu na ndege. Kwa hiyo nilipopata nafasi nilifunga safari kwenda kuutazama. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona njiani na mjini, pamoja na habari za zamani ambazo mtu atakaye kuufahamu mji huo hana budi kuzijua.

Nilianza safari yangu Lavington, upande wa magharibi wa Nairobi. Leo mtu aitazamapo Lavington haoni ila nyumba kubwa, maghorofa mapya, shule na maduka, lakini zamani nchi hii ilikuwa mashamba ya kahawa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's hapo mwaka 1899, na mibuni yao ni katika ile ya kwanza kupandwa Kenya. Nimeyataja haya kwa sababu mahali popote hupata sura yake kutokana na kazi iliyofanyika hapo kwanza. Mibuni ya Lavington imekwisha kung'olewa, lakini viwanja vikubwa na miti mirefu ya sehemu hizo ni urithi wa siku hizo za mashamba.

Tena si mbali na Lavington ndipo habari za ndege zilipotia mizizi katika nchi yetu. Katika miaka ya 1920 palikuwa na kiwanja cha ndege kando ya barabara ya Ngong. Hapo, mwezi wa Machi 1928, Bibi Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege katika Kenya, alianguka na ndege akafa pamoja na mwanafunzi wake. Mwaka uliofuata, 1929, mjane mmoja jina lake Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black. Vita vikuu vya pili vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wa kampuni hiyo walichukuliwa kwa kazi ya vita, na kampuni yenyewe haikufufuka tena. Lakini jina la mama yule halikupotea, kwani kiwanja kilicho karibu na barabara ya Lang'ata chaitwa Wilson hata leo.

Kutoka Wilson ndege ndogo huweza kumfikisha msafiri Nanyuki kwa muda usiotimia saa moja. Mimi nilichagua njia ya gari, kwa maana apitaye angani huuona mlima vizuri, lakini watu na mashamba yao havioni.

Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni mwendo wa kilomita 200 hivi. Tulipita Thika, tukaona mananasi yamepangwa kwa mistari kama askari wa gwaride, kisha tukafika Makutano, ambapo njia moja huelekea Embu na nyingine Nyeri. Pale Sagana tulivuka mto, na kutoka hapo nchi ikaanza kupanda. Karatina ilikuwa siku ya soko. Viazi, kabichi, karoti na maharagwe vilikuwa vimejaa kila upande, na magari ya mizigo yalingojea kuvipeleka Nairobi. Baada ya Kiganjo, mahali penye chuo cha polisi, nchi ilibadilika. Mashamba madogo ya migomba na kahawa yalikwisha, na mbele yetu ukatokea uwanda mpana wa majani makavu, wenye miti michache na upepo wa baridi. Tulipofika Naro Moru Mlima Kenya ulikuwa upande wetu wa kulia, wazi kabisa, na theluji yake yang'aa.

Urefu wa kilele chake kikubwa, Batian, ni meta 5,199. Wenyeji huamka mapema ili kuutazama, kwani mara nyingi mawingu huufunika kabla ya adhuhuri. Marubani nao huyaheshimu mawingu hayo. Tarehe 19 Julai 2003, ndege iliyokodiwa kuwachukua watalii wa Kimarekani iliondoka Wilson ikienda Samburu, ikagonga mlima huu karibu na kilele cha Lenana. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa. Mlima ule ule uwapao wakulima maji ya mito, na uwapao watalii sababu ya kuja, haumsamehe mwenye kuupitia bila kuuona.

Kabla ya kuingia mjini tulipita mstari wa Ikweta. Hapo pana kibao kikubwa cha rangi ya njano, na vijana wenye beseni lenye tundu na jagi la maji. Humwambia mgeni kwamba hatua chache kaskazini ya mstari maji huzunguka upande mmoja, na hatua chache kusini huzunguka upande wa pili. Mchezo huo hupendeza, na kijana hupata riziki yake. Lakini wataalamu watuambia kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji machache kama yale. Yanazunguka kwa jinsi mkono wa mwenye kumimina ulivyoyaanzisha. Basi msomaji akifika pale na ampe kijana shilingi zake kwa ustadi wa mkono.

Sasa tuje kwenye mji wenyewe. Jina la Nanyuki latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Hilo peke yake latosha kutukumbusha ni nani waliokuwa wakichunga ng'ombe katika uwanda wa Laikipia. Kwa mapatano ya mwaka 1911, ambayo Wamaasai wengi hawakuyaridhia hata kidogo, walihamishwa pamoja na mifugo yao kupelekwa kusini, na Laikipia ikagawiwa masetla wa Kizungu. Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, serikali ya Kikoloni ilitoa mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliopigana. Baadhi ya mashamba hayo yalikuwa sehemu hizi za Nanyuki. Waafrika waliochukua mizigo na risasi katika vita hivyo, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo na Kariokor, hawakupewa shamba hata moja katika mpango huo. Kwa hiyo wenye mashamba wa kwanza waliokuja kununua sukari na misumari katika maduka ya Nanyuki, wengi wao walikuwa maofisa waliovua sare. Mji ulikuwa wa askari kabla haujawa na kambi.

Reli ilifika hapo mwaka 1930, na hapo ndipo ilipoishia. Mji ulio mwisho wa reli hupata biashara nyingi, kwa kuwa mizigo ya kwenda kaskazini hushushwa hapo. Baadaye gari la moshi liliacha kwenda kwa miaka mingi, hata mwaka 2020 njia ilipotengenezwa na magari yakaanza kwenda tena.

Vita vikuu vya pili ndivyo vilivyoleta ndege kwa wingi. Jeshi la Ndege la Uingereza lilifanya kiwanja Nanyuki, na marubani vijana kutoka nchi mbalimbali walikuja kujifunza kazi ya vita. Wengine hawakuondoka tena. Yapo makaburi ya vita mjini, yametunzwa vizuri, majani yake yamekatwa, na mawe yake yamesimama kwa mistari. Wengi waliozikwa humo walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu. Msafiri apitaye Nanyuki asiache kuingia humo kwa dakika chache.

Wakati huo huo palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita wa Kiitalia. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama mlima kila siku kupitia seng'enge, na hamu ya kuupanda ikamshika. Mwezi wa Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka, wakiwa na vifaa vya kupandia mlima walivyojitengenezea kwa siri kutokana na vyuma na kamba za kambini. Benuzzi na mwenzake mmoja walifika Lenana, wakasimamisha bendera ya nchi yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe, baada ya siku 18, wakajisalimisha. Walihukumiwa kifungo cha peke yao cha siku 28, lakini mkuu wa kambi aliwafungulia baada ya siku saba kwa kuustahi ujasiri wao. Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo, nacho kimesomwa na watu wengi duniani.

Watu wa Nanyuki wanazo kumbukumbu nyingine za ndege zisizo za kufurahisha. Katika miaka ya 1953 hadi 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, ndege za Kiingereza za Harvard na Lincoln zilimwaga mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wazee waliokuwa watoto wakati huo husema kwamba mlio wa ndege ulikuwa neno la hofu, na mama aliposikia alimwita mtoto ndani.

Kenya ilipopata uhuru, mambo yaligeuka. Jeshi la Ndege la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa Waingereza. Kwanza lilikuwa na ndege ndogo za kufundishia na za kuchukua mizigo. Baadaye zilikuja ndege za vita, Strikemaster na Hunter, na kuanzia mwaka 1978 ndege za F-5 zilizotengenezwa Marekani, ambazo kambi yake ni Nanyuki. Kwa mara ya kwanza watoto wa wakulima wa Kenya waliingia katika kiti cha rubani wa ndege ya vita, na wengine wengi wakajifunza ufundi wa injini, umeme na simu za upepo.

Hapa yafaa nieleze jambo moja ambalo wasomaji wengi huenda hawajalifikiri. Nanyuki iko juu, kiasi cha meta 1,950 kutoka usawa wa bahari, na kadiri nchi ipandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Hewa ya Nanyuki ina uzito wa kama sehemu nne kwa tano tu za hewa ya Mombasa. Bawa la ndege hubebwa na hewa, na injini nayo hula hewa pamoja na mafuta. Basi ndege iliyo na mzigo ule ule yapaswa kukimbia chini mbali zaidi kabla ya kupaa, na jua likiwa kali hewa huzidi kuwa nyepesi. Kwa sababu hiyo kiwanja cha mahali kama hapa chahitaji njia ndefu ya kurukia, na rubani apendaye salama hupenda kuondoka asubuhi kungali na baridi.

Mambo makubwa kabisa ya mji huu yalitokea Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri ya siku hiyo baadhi ya askari wa Jeshi la Ndege, wakiongozwa na askari wa cheo cha chini, Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali. Nairobi waliishika kambi ya Eastleigh na nyumba ya redio. Nanyuki waasi waliwalazimisha marubani, kwa mtutu wa bunduki, kupaa na ndege zenye mabomu kwenda kupiga Ikulu ya Nairobi. Marubani hao walipaa. Lakini badala ya kuyashusha mabomu juu ya mji wenye watu, waliyamwaga katika misitu ya Mlima Kenya. Uasi ulishindwa siku hiyo hiyo, ingawa watu wengi walikufa Nairobi. Jeshi zima la Ndege likavunjwa, askari wake wakatiwa mbaroni kwa maelfu, na jeshi lililoundwa mahali pake likaitwa Jeshi la Ndege la 82. Jina la zamani halikurudishwa mpaka mwaka 1994.

Nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege zamani. Nilimwamkia, akanikaribisha chini ya mti wake. "Mzee," nikamwuliza, "siku ile mjini palikuwaje?"

"Mwanangu," akajibu, "siku ile aliyevaa sare ya buluu alitamani kuvaa blanketi. Wenye hatia walikuwapo, na wasiojua lolote walikuwapo, na sote tuliwekwa pamoja. Mke wangu alikuwa na deni dukani. Mwenye duka hakujua kama nitarudi, naye mke wangu hakujua. Ndipo nilipofahamu kwamba mji mzima ulikuwa ukila katika sahani moja na sisi."

Maneno hayo ya mzee niliyatia moyoni, kwa sababu yaeleza hali ya mji huu kuliko hesabu nyingi. Palipo na kambi kubwa, mshahara wa askari huingia dukani, hupanga nyumba, hununua maziwa, hulipa karo ya shule. Mkulima wa Timau apandaye viazi, kijana wa bodaboda, fundi cherehani na mwalimu, kila mmoja hupata fungu lake. Kambi ikitikisika, wote hutikisika.

Leo kambi ya ndege yaitwa Laikipia Air Base, na bado ndege za vita za Kenya hukaa hapo. Pamoja nayo, jeshi la Uingereza lina kituo chake cha mazoezi kiitwacho BATUK, kilichotokana na mapatano yaliyofanywa na Kenya baada ya uhuru. Makao yake mapya mjini, Nyati Barracks, yalifunguliwa mwaka 2021. Vikosi kutoka Uingereza huja kwa zamu, hufanya mazoezi katika nchi kavu ya Laikipia na Samburu, kisha hurudi kwao na vingine huja. Wenyeji wameajiriwa humo wakiwa wapishi, madereva, makarani, mafundi na walinzi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika Nanyuki neno hilo lina ukweli wake. Lakini pana hesabu nyingine ambayo mwandishi wa haki hawezi kuificha. Wachungaji wa Dol Dol na Archer's Post walijeruhiwa, na wengine kuuawa, na mabomu yaliyoachwa ardhini bila kulipuka baada ya mazoezi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 200 pauni milioni 4.5. Mwezi wa Machi 2021 moto ulizuka wakati wa mazoezi katika eneo la Lolldaiga, ukateketeza maelfu ya ekari. Wenyeji zaidi ya 7,000 walidai fidia, na mwaka 2025 Uingereza ikakubali kulipa. Wapo pia watoto waliozaliwa na askari wageni, ambao baba zao walirudi kwao bila kuacha anwani, na baadhi ya mama zao wamepeleka madai mahakamani.

Kubwa kuliko yote ni habari ya msichana mmoja wa mji huu, mama wa mtoto mchanga, aliyeuawa mwaka 2012, na maiti yake ikaonekana katika shimo la maji machafu la hoteli moja. Miaka saba ilipita kabla hakimu, baada ya uchunguzi, hajaamua mwaka 2019 kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza. Mwezi wa Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kukamatwa kwa Mwingereza mmoja juu ya kesi hiyo. Mtoto yule aliyeachwa mchanga alikuwa amekwisha kuwa msichana wa miaka 13.

Sokoni nilikutana na mama mmoja auzaye viazi na mboga. Nikamwuliza kama angependa wageni waondoke. Alicheka kidogo, akafunga kanga yake. "Ndugu yangu," akasema, "mimi sikuwaita, wala sina neno la kuwafukuza. Wananunua, tena hawabishani bei sana. Lakini binti yangu jioni simtumi mjini peke yake. Mimi nataka mgeni aishi kwa sheria ninayoishi nayo mimi. Nikimwibia yeye, nafungwa. Basi akinidhulumu mimi, na iwe vivyo hivyo."

Nilimwuliza tena, "Na wakifunga kambi kesho?"

"Viazi vitauzwa Nairobi," akajibu. "Shida ni ya yule asiye na shamba."

Jibu lake lilinipeleka mawazo mbali, hata Marekani. Katika jimbo la Arizona palikuwa na kambi ya ndege iitwayo Williams, iliyofunguliwa wakati wa vita vikuu vya pili karibu na miji midogo ya Chandler na Mesa. Hapo ndipo marubani wa nchi nyingi rafiki wa Marekani walipopelekwa kujifunza kurusha F-5, ndege ya namna ile ile iliyoko Nanyuki. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wengi wa sehemu hizo walipata riziki kwa kambi hiyo. Mwaka 1993 serikali yao iliifunga. Wenyeji wangeweza kukaa na kulia, lakini walizichukua zile njia ndefu za kurukia wakazifanya kiwanja cha ndege za abiria, na majumba ya askari yakawa vyuo. Leo wasafiri wengi hupita hapo kila siku. Hawakuchagua siku ya kambi kufungwa, lakini walichagua kitakachofuata.

Nanyuki haijafika hapo, wala sisemi kwamba itafika karibuni. Lakini mwenye busara huchimba kisima kabla ya kiangazi, na nilifurahi kuona kwamba wapo wenyeji waliokwisha kuanza. Tangu mwaka 1977 kiko kikundi cha wanawake kiitwacho Nanyuki Spinners and Weavers, wasokotao sufu ya kondoo na kufuma mazulia kwa mikono. Wengi wao walikuwa wanawake wasio na riziki nyingine. Wapo wakulima walimao maua na mboga za kupelekwa ng'ambo, nao wameunda vyama vya kugawana maji ya mito itokayo mlimani ili watu wa juu wasiwanyime wa chini. Upo uwanja wa ndege za kiraia kusini mwa mji, ambako ndege ndogo na helikopta huwachukua watalii na wagonjwa. Kazi hizo hazimtegemei askari yeyote kuvaa sare.

Kwa maoni yangu, yako mambo matatu ambayo mji wa namna hii wapaswa kuyadai bila kuchoka. La kwanza ni sheria moja kwa mwenyeji na mgeni, kama alivyosema mama wa sokoni. Maana kesi ya mauaji ikikaa miaka 13, watu hujifunza kwamba uhai wao una bei ndogo. La pili ni ufundi. Kambi yenye ndege ina mafundi wa injini, wa umeme, wa vyuma na wa mitambo ya mawasiliano, na kijana wa Nanyuki aliyefundishwa kazi hizo ana mali asiyoweza kunyang'anywa hata kambi ikihama. Mpishi na mlinzi nao ni watu wa heshima, lakini mji hauwezi kuridhika na kuwa na wapishi na walinzi tu kando ya karakana kubwa kama ile. La tatu ni usafi wa ardhi. Mtu aazimaye shamba la jirani hulirudisha bila miiba, sembuse mabomu.

Wahenga hao hao walisema pia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Hawakusema afukuzwe. Walisema ashike jembe pamoja na wenyeji, afuate desturi za nyumba, na kazi yake ionekane. Nanyuki imekaa na wageni wake tangu mwaka 1919 kwa namna moja au nyingine, na siku ya tatu imekwisha kupita zamani.

Msomaji apendaye kwenda kuutazama mji huu na aondoke Nairobi alfajiri, achukue sweta nzito, kwa maana usiku wa Nanyuki ni wa baridi hata mwezi wa Februari. Asilale kitandani kukipambazuka, bali atoke nje atazame upande wa mashariki kabla mawingu hayajaja. Ataona vilele viwili, Batian na Nelion, vikiwa vyeusi mbele ya jua, na huenda asikie ndege ya kwanza ya siku ikiwasha injini. Akimaliza, na aende sokoni akanunue viazi, kisha aulize habari. Watu wa Nanyuki hawamfichi mgeni hadithi ya mji wao, mradi amekuja kusikiliza.